Nundu ya Mti na Sifa ya Fundi

Miaka kadhaa iliyopita tuliombwa kuwa miongoni mwa waamuzi wa maonyesho ya kazi za mikono za wanafunzi. Mezani palipangwa vikapu, vyungu, vinyago, na mkeka mmoja wa ukindu uliosukwa na msichana wa mwaka wa tatu. Katikati ya vitu hivyo palikuwa na bakuli la mti ambalo lilituteka macho tangu mlangoni. Halikuwa na nakshi hata moja iliyochorwa kwa chombo. Ukingo wake haukulingana, na lilipowekwa mezani halikutulia. Lakini mwili wake mzima ulijaa vijiduara na mawimbi ya rangi ya asali na kahawia, kama maji yaliyotupiwa kokoto nyingi kwa mara moja. Tulilipa nafasi ya kwanza bila ya kubishana. Mkeka ukapata nafasi ya pili. Kijana aliyelichonga alipoulizwa alikoupata mti ule, alijibu kwa furaha kwamba ulitoka katika nundu ya mwembe uliokuwa nyuma ya madarasa, ule ule ambao chini ya kivuli chake tulizoea kusomesha ushairi wakati wa jua kali. Tulicheka, tukampa mkono wa pongezi.

Baada ya masika mawili mwembe ulianza kukauka upande mmoja. Pale palipokatwa nundu palikuwa pamebaki jeraha pana kama sinia. Maji yaliingia, kuvu ikafuata, kisha mchwa. Usiku mmoja wa upepo mti ukaanguka. Bakuli lingalipo katika kabati la ofisi ya shule ile, mwembe haupo.

Hatukisimulii kisa hiki kwa ajili ya kumlaumu kijana. Kosa lilikuwa la waamuzi. Tulihukumu kazi ya sanaa pasipo kujiuliza maswali mawili ambayo hapana mhakiki anayestahili kuyakwepa: uzuri huu ni wa nani, na umepatikanaje? Katika makala haya twataka kuyauliza maswali hayo juu ya sanaa ya nundu kwa jumla. Sanaa hii ni kongwe kuliko wengi wetu tunavyodhani, na mojawapo ya habari zake za zamani sana inatoka katika bara letu la Afrika.

Nundu ni nini?

Kiswahili kina maneno kadhaa yanayokaribiana na jambo hili. Baadhi ya watu husema fundo. Lakini fundo hasa ni mahali tawi lilipotokea katika shina, ndilo linalomtaabisha seremala anapopiga randa. Wengine husema uvimbe. Sisi tumelichagua neno nundu, lile lile tunalolitumia kwa ng'ombe mwenye kuinuka mgongoni na kwa mtoto aliyejigonga kwenye paji la uso. Neno hili lina faida moja kubwa. Ng'ombe huzaliwa na nundu yake, bali mtoto huipata kwa kuumia. Miti nayo ni hivyo hivyo. Ipo miti ambayo kwa asili yake hufanya nundu karibu na mizizi, ikaweka humo machipukizi ya akiba kwa siku ya moto au ya shoka. Na ipo inayovimba kwa sababu ya jeraha, wadudu, kuvu au bakteria.

Ndani ya nundu nyuzi za mti haziendi moja kwa moja kutoka mzizini hadi kileleni. Hujipinda, hujizungusha, hupishana kama nywele zilizosukwa na mtu mwenye haraka. Katika nundu nyingi hujikusanya machipukizi mamia kwa mamia yasiyopata kutoka nje, na kila kijicho kinachoonekana juu ya ubao uliopigwa msasa ni chipukizi lililotaka kuwa tawi likazuiliwa. Uzuri tunaoushangilia, basi, ni kumbukumbu ya mambo yaliyoshindwa kukua.

Maana ya jambo hili kwa mhakiki ni kubwa. Tunapolifundisha shairi, twajua kwamba vina na mizani ni kazi ya mshairi. Neno halikuota peke yake likajipanga. Katika kazi ya nundu, nakshi imekwisha andikwa kabla ya fundi kuinoa patasi yake. Fani, kwa sehemu kubwa, ni ya mti. Ndipo linapokuja swali: fundi ametia nini?

Meza za Kirumi na mlima wa Afrika

Mwandishi wa Kirumi Plinius, aliyefariki mwaka 79 wakati mlima Vesuvius ulipolipuka, aliandika kitabu kikubwa juu ya maumbile ya ulimwengu. Humo aeleza habari za meza zilizowatia wazimu matajiri wa Roma. Meza hizo zilitengenezwa kwa nundu za mti mmoja wa kaskazini ya Afrika, jamaa ya mivinje, ambao wataalamu wa siku hizi huuita Tetraclinis. Uliota katika milima ya Mauretania ya kale, yaani pande za Moroko na Aljeria za leo. Msemaji mashuhuri Cicero alinunua meza moja kwa sesterti 500,000. Asinius Gallus alitoa 1,000,000. Kwa kipimo, askari wa kawaida wa jeshi la Kirumi katika zama za Plinius alilipwa sesterti 900 kwa mwaka. Maana yake, ingempasa kuishi zaidi ya miaka 550 bila ya kula ndipo ainunue meza ya Cicero.

Inavutia kuona jinsi Warumi walivyozihakiki meza hizo. Walikuwa na msamiati wao. Zilizokuwa na mistari mirefu ziliitwa za chui-milia. Zilizozungukazunguka ziliitwa za chui. Zilizopendwa kuliko zote zilikuwa na macho kama mkia wa tausi. Walipima upana, unene na rangi. Lakini katika sifa zote hizo hatumwoni fundi. Nani alizikata? Nani alizing'arisha? Plinius ataja majina ya walionunua, bei walizotoa, na mfalme Juba ambaye meza zake mbili ziliuzwa mnadani. Jina la aliyeichimba nundu kutoka ardhini, wala la aliyeigeuza kuwa meza, hatupewi. Huo ndio uhakiki wa mnunuzi: huanza kwa bei, huishia kwa bei.

Hata hivyo Plinius hakuwa mjinga. Asema wazi kwamba kitu kinachonunuliwa kwa fedha nyingi namna ile, kwa hakika, ni kasoro ya mti. Na aongeza jambo ambalo lingepaswa kutusimamisha sote: mlima uliosifika kwa kutoa nundu bora kuliko zote ulikuwa umekwisha kumalizwa katika siku zake. Tuzingatie neno hilo. Karibu miaka 2,000 iliyopita, mlima wa Afrika ulikuwa umevuliwa miti yake kwa sababu ya meza za kulia chakula ng'ambo ya bahari. Wanaodhani kwamba unyonyaji wa mali ya bara hili ulianza na meli za juzi wana haja ya kukisoma kitabu hicho.

Mti wenyewe haukutoweka. Ungaliota Moroko, Aljeria na Tunisia, na mafundi wa mji wa Essaouira, katika pwani ya Moroko, wanajulikana hadi leo kwa visanduku na meza za nundu yake, zenye harufu nzuri na rangi nyekundu-kahawia. Hawa wana haki ya kusifiwa kuliko wale wa Roma, kwa kuwa hawauachi ubao useme peke yake. Hutia humo vipande vya mti wa mlimau na lulumizi kwa vipimo vya jiometria, hata jicho likawa lasoma maandiko mawili kwa wakati mmoja: fujo ya nundu, na nidhamu ya mkono. Hapo fundi ametia kitu. Lakini swali letu la pili halijajibiwa. Nundu ya mti huu hukaa chini ya ardhi, ndiyo akiba yake ya kuchipua tena ukikatwa au ukiungua. Mwenye kukata shina auachia mti nafasi ya kurudi. Mwenye kuing'oa nundu amechukua shina la leo na la kesho pamoja. Fundi akae dukani na ustadi wake wote, kazi yake yategemea shimo lililochimbwa mahali ambapo mnunuzi hatafika.

Kikombe cha kaskazini

Twende sasa mahali pengine kabisa, kwa watu ambao hawakuwa na dhahabu ya kutupa. Wasami, wafugaji na wavuvi wa kaskazini ya Norwei, Uswidi, Finilandi na Urusi, wana kikombe chao kiitwacho guksi. Huchongwa kwa nundu ya mti wa betula, kikapewa mkono mfupi wa kushikia, kikaning'inizwa mkandani safarini. Wengine hukichemsha katika maji ya chumvi ili kisipasuke kinapokauka.

Kwa nini nundu, na si gogo la kawaida? Hapa ndipo tunapojifunza. Gogo lenye nyuzi zilizonyooka hupasuka kwa kufuata nyuzi hizo. Ndiyo maana kuni hupasulika. Nundu haina njia iliyonyooka ya kupasukia. Nyuzi zake zimeshikana pande zote, kwa hivyo kikombe chembamba huvumilia uji wa moto leo na baridi kali kesho. Wenyeji wa misitu ya mashariki ya Amerika ya Kaskazini waliligundua jambo hilo hilo, wakachonga mabakuli na miko ya nundu iliyotumika miaka na miaka.

Katika guksi, fani na maudhui vimekutana. Umbo ni la kazi, na mti umechaguliwa kwa kazi hiyo. Mawimbi ya nundu yapo, na ni mazuri, lakini yamekuja kama kicheko cha mtu aliyekwisha kutenda wema: hakuyatafuta. Kadhalika, kikombe ni kidogo. Nundu ya ukubwa wa ngumi mbili yatosha, na mtu mmoja hahitaji zaidi ya kikombe kimoja kwa miaka mingi. Tamaa haikupata mlango mpana wa kuingilia.

Mafundi wa Marekani

Katika karne ya 20 nundu ilipanda daraja huko Marekani, ikatoka jikoni ikaingia majumba ya sanaa. Melvin Lindquist na mwanawe Mark walikuwa miongoni mwa walioifungua njia hiyo. Walikereza vyombo vya nundu wakaacha makusudi magome, mashimo na kingo zisizo sawa, mambo ambayo kereza wa zamani angeyatupa pamoja na takataka. Kazi yao bora ina ukweli fulani: yakiri kwamba mti uliumia. Lakini njia yao imezaa wafuasi wengi ambao kwao shimo limekuwa pambo tu. Siku hizi twaona hata meza za nundu ambazo mashimo yake yamejazwa gundi ya rangi ya samawati inayong'aa kama kioo. Hapo jeraha limepakwa poda. Sisi twaona kazi ya namna hiyo imeshindwa mara mbili: imeficha alichosema mti, na yenyewe haikusema neno.

Zaidi yao wote twamweka George Nakashima, aliyezaliwa mwaka 1905 katika jimbo la Washington kwa wazazi wa Kijapani. Alisomea usanifu wa majengo, akafanya kazi Japani na India, kisha mwaka 1942, wakati wa vita, alitiwa kambini huko Idaho pamoja na Wamarekani wengine wengi wa asili ya Kijapani. Katika kambi hiyo alijifunza useremala wa jadi kwa fundi mwenziwe mfungwa, kwa mabaki ya mbao yaliyopatikana. Baadaye alikaa Pennsylvania akatengeneza meza za mbao pana, na nyingine za nundu za mwaloni na za mzizi. Ubao ukiwa na ufa, hakuuficha wala kuukata. Aliufunga kwa vipande vya mti mgumu vilivyokatwa kwa umbo la kipepeo, vikaonekana waziwazi.

Kipepeo kile ni alama ndogo, lakini ndicho kitu fundi alichotia. Chasema: hapa palipasuka, na hapa mtu alijali. Mwenye kuyajua maisha ya Nakashima hawezi kuitazama alama ile pasipo kukumbuka kwamba yeye mwenyewe alikuwa mtu aliyepasuliwa kutoka nchi yake, akajiunga nayo tena. Hatusemi kwamba kila msanii ni lazima awe amefungwa ndipo achonge vizuri. Twasema kwamba mkono wake ulikuwa na neno la kuongeza juu ya neno la mti. Wachongaji wa Kimakonde, wa kusini ya Tanzania na kaskazini ya Msumbiji, wanalijua jambo hili: mchongaji aweza kuufuata mpingo uliopinda hata kinyago kikazaliwa katika upindo wenyewe, na hapana mtu anayesema kwamba mpingo ulijichonga.

Wezi wa usiku

Lakini sifa ya chombo kizuri hufika mbali kuliko chombo chenyewe, na wanaoisikia si mafundi peke yao. Katika pwani ya kaskazini ya California huota miti mirefu kuliko yote duniani, miredwudi, ambayo mmojawapo umepimwa ukapata kiasi cha mita 116, na baadhi imeishi zaidi ya miaka 2,000. Hifadhi yake ya taifa iliundwa mwaka 1968. Miti hii ni ya jamii ile inayozaliwa na nundu: humo chini mna machipukizi yaliyolala, na shina likifa, mti huzaliwa upya kutoka nunduni mwake.

Watu huingia usiku na misumeno ya mota, wakakata nundu kutoka mashina yaliyo hai, kisha wakaziuza zigeuzwe mbao za meza, saa za ukutani na vitu vya ukumbusho kwa watalii. Hali ilifikia kiasi kwamba mwaka 2014 wakuu wa hifadhi waliamua kuifunga usiku barabara mojawapo inayopita msituni. Wako wezi waliouangusha mti mzima ili waifikie nundu iliyokuwa juu. Si haki kuwasema wezi hao kana kwamba wametokea hewani. Sehemu zile ziliwahi kuishi kwa kazi ya mbao, na kazi hiyo ikapungua. Wako waliosukumwa na dhiki, wako waliosukumwa na madawa ya kulevya. Ila mwizi hukata kile ambacho mtu mwingine atakilipia. Mnunuzi wa saa ya ukutani, akiisifu mistari yake kwa ulimi laini, ameushika mpini wa msumeno upande mmoja.

Hukumu yetu

Tukiyarudia maswali yetu mawili, twaona kwamba hayatengani kama tulivyodhani mwanzoni. Mahali ambapo uzuri wote ni wa mti na fundi hakutia kitu, hapo ndipo mti hupata hasara kubwa, kwa sababu soko hutaka nundu tu, wala halina haja ya mikono. Meza ya Cicero na saa ya mtalii ni ndugu, ingawa moja iligharimu mali ya vizazi na nyingine haizidi bei ya viatu. Mahali ambapo fundi ana neno lake, kipande kidogo humtosha, na ufa humtosha, na hata nundu ya mti ulioanguka kwa uzee au kwa tufani humtosha. Wako waokotaji wa nundu wasiogusa mti ulio hai. Hungoja dhoruba, au huwafuata wakata magogo na kuomba kile wanachokitupa. Kazi zilizotokana na subira hiyo twapenda zitajwe hivyo zinapoonyeshwa, kama tunavyotaja jina la mtunzi chini ya shairi.

Huenda msomaji akasema kwamba mhakiki hupewa chombo, si msitu. Kwamba ubaya wa mwizi hauipunguzii nundu macho yake ya tausi. Ni kweli kwamba haumpunguzii jicho. Lakini sisi walimu wa lugha hatukubali hoja hiyo tunapopewa insha nzuri iliyonakiliwa kwa mwingine. Hatusemi kwamba sentensi zake zimekuwa mbaya. Twasema kwamba alama si zake.

Ndiyo sababu twarejea katika meza ile ya maonyesho. Bakuli lilikuwa na ukingo usiolingana na kitako kisichotulia. Uzuri wake wote uliandikwa na mwembe kwa miaka ambayo kijana yule alikuwa hajazaliwa. Tulimpa mti nafasi ya kwanza, kisha tukauacha ufe. Kando yake palikuwa na mkeka. Msichana yule aliukata ukindu mwenyewe, akauanika, akauchemsha katika rangi, akazihesabu miyaa moja moja hata pembe nne zikakutana bila ya kupotoka. Hapakuwa na mstari katika mkeka ule ambao haukupita katika vidole vyake, na mkindu uliotoa makuti yale ungali ukichipua kinamasini. Alipotangazwa wa pili alipiga makofi pamoja na wengine.

Alistahili kuwa wa kwanza. Tuliyasema haya shuleni kwake baadaye, mbele ya walimu wenzetu, lakini yeye alikuwa amekwisha kuondoka.